Kipimo Kilichosema Mama Mdogo Hana Tatizo

Mama mdogo alikunywa maji mpaka akahisi kutapika. Mhudumu alikuwa amemwambia kibofu lazima kijae ndipo kipimo kionekane vizuri, naye kwa kuwa ametoka mbali, vijiji vya ndani huko Kahama, hakutaka kurudishwa. Akakaa kwenye benchi amebana miguu, mkononi ameshika karatasi aliyoandikiwa zahanati: maumivu ya nyonga. Ukweli wote hakuusema kule zahanati. Mganga alikuwa kijana wa kiume, rika la mwanawe wa tatu, na kuna mambo ambayo mama wa Kisukuma hamtamkii kijana wa rika hilo.

Alipoitwa alilala chali, akapakwa mafuta mazito ya baridi chini ya kitovu, kidude kikapitishwa juu ya tumbo kama pasi, na baada ya dakika chache akajifunga kanga yake akatoka. Majibu yalieleza kwamba mfuko wa uzazi una ukubwa wa kawaida, hauna uvimbe, na ovari ziko salama. "Mama, huna tatizo," akaambiwa. Jioni ya siku hiyohiyo, alipotua ndoo ya pili ya maji, kizazi kikatoka. Akaingia ndani, akalala sakafuni na kuinua miguu ukutani, akakirudisha kwa vidole kama alivyokuwa akifanya kwa miaka sita.

Alinisimulia haya tukiwa tunakata viazi vya michembe nyuma ya nyumba, macho yake kwenye kisu. "Mwanangu," akasema, "mashine imenifanya mwongo."

Neno hilo lilinikaa. Nimezunguka nalo kwa muda, nikiuliza wauguzi, wakunga, wataalamu wa mionzi na madaktari wa wanawake, na nimeridhika kwamba mashine haikusema uongo, wala yeye. Mashine iliulizwa swali lisilohusu shida yake.

Kipimo cha altrasaundi ya nyonga kinachofanyika kila siku kwenye hospitali zetu hutafuta vitu vya aina fulani: mimba, uvimbe, maji tumboni, ovari iliyovimba. Kwa kazi hiyo kibofu kilichojaa kinasaidia sana, kwa sababu mawimbi ya sauti hupenya maji bila taabu na utumbo husogea pembeni. Lakini kwa mwanamke anayeshukwa na kizazi, kibofu hichohicho kikijaa huzuia viungo visiteremke. Kulala chali nako kunavirudisha ndani. Asubuhi, baada ya usiku mzima wa kulala, viko juu kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Na kidude kikiwekwa juu ya tumbo, kinatazama nyumba kutokea darini ilhali shida iko sakafuni. Mama mdogo alipimwa asubuhi, amelala, kibofu kimejaa, kutokea tumboni, na hakuna aliyemwambia akohoe wala asukume. Ni sawa na kukagua paa linalovuja katikati ya kiangazi.

Tuseme kwanza ugonjwa wenyewe, maana jina lake halitajwi kwa sauti. Wengi husema kizazi kushuka au kizazi kutoka. Wanawake wenyewe, wanapopata mtu wa kumweleza, husema "kuna kitu kinateremka", "nakaa kama nimekalia yai", "nyama inachomoza nikikohoa". Kwa kweli kinachotoka si lazima kiwe kizazi. Mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke ambao umebonyea kwa sababu kibofu cha mkojo kimeuegemea. Mara nyingine ni ukuta wa nyuma, na nyuma yake kuna njia ya haja kubwa au utumbo mwembamba ulioteremka. Kwa nje vyote hufanana: nyama laini, ya waridi, iliyovimba. Ndani ni viungo tofauti vyenye tiba tofauti.

Wanaokumbuka kitanda cha kamba watanielewa upesi. Fremu ni mifupa ya nyonga, na kamba zilizosukwa ni misuli na kano zinazobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Kitanda hicho huharibika kwa namna mbili. Kamba zinaweza kulegea zote kidogo kidogo kwa miaka ya kulaliwa, kitanda kikabonyea katikati. Au kamba moja nene inaweza kuchomoka kwenye ubao kwa siku moja, na kuanzia hapo uzito wote ukaelekea upande huo. Msuli mkubwa wa sakafu ya nyonga nao huumia hivyo. Mtoto anapopita, sehemu yake iliyo karibu zaidi na mfupa wa kinena hunyumbuka zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Kwa wanawake wengi hurudi. Kwa baadhi hubaki umelegea. Kwa wengine hung'oka kabisa kwenye mfupa, chini ya ngozi isiyo na mchubuko, na mkunga anayeshona msamba hauoni.

Jeraha hilo la kung'oka ndilo lililowafanya watafiti waamini kwamba picha zina kazi hapa. Mwaka 2003 kundi la John DeLancey katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, lilichapisha matokeo ya kuwapiga picha za MRI wanawake 240: 80 ambao hawajawahi kuzaa na 160 waliozaa mara moja, nusu ya hawa wa pili wakiwa wanavuja mkojo. Kwa wale wasiozaa, hakuna hata mmoja aliyeonekana na kasoro kwenye msuli huo. Kwa waliozaa mara moja, 32 walikuwa nayo. Mtu anayesema mwanamke amelegea kwa uvivu wa kutofanya mazoezi azitazame namba hizo tena. Miaka michache baadaye kundi hilohilo lililinganisha wanawake wenye viungo vilivyoshuka na wasio na tatizo hilo: majeraha makubwa ya msuli yalikuwepo kwa asilimia 55 ya walioshukwa na asilimia 16 ya wenzao.

MRI huonyesha misuli kwa uwazi ambao chombo kingine hakiufikii kirahisi. Lakini ni mashine ya hospitali kubwa za rufaa, foleni yake ndefu, gharama yake ni mavuno ya msimu, na mgonjwa hulala ndani yake kama alivyolala mama mdogo. CT scan, ambazo zimefika kwenye hospitali za rufaa za mikoa baada ya zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19, zimeokoa watu waliopata ajali na kiharusi, ila kwa shida hii hazina msaada mkubwa: hutumia mionzi na hupiga picha ya kiungo kilichotulia, wakati sisi tunataka kukiona kikitembea.

Kwa hiyo macho yangu yamerudi kwenye altrasaundi, mashine ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitambulisha kwa madaktari wa wanawake mwaka 1958, na ambayo leo imefika mpaka kwenye baadhi ya vituo vya afya vya kata. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apimwe nayo angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Maelfu ya wanawake wa Shinyanga na Geita wamelala chini ya mashine hiyo. Kila mara ilikuwa inamtafuta mtoto. Mtoto akishazaliwa, hakuna anayeigeuza imtazame mama.

Kuigeuza si kazi ngumu. Hans Peter Dietz, daktari wa Sydney, Australia, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha namna ya kufanya hivyo, na kifaa anachokitaka ni kilekile kilichopinda kama mgongo wa kijiko, kinachotumika kwa wajawazito. Mgonjwa huenda msalani kwanza. Kidude hupakwa mafuta, huvishwa glovu, kisha hupakwa tena. Mgonjwa akiwa amelala amekunja magoti, kidude huwekwa nje, kwenye msamba, kikielekea juu, hakiingizwi popote. Kwenye kioo huonekana, kwa mstari mmoja, mfupa wa kinena, kibofu, shingo ya kizazi, na njia ya haja kubwa nyuma. Halafu huja sehemu yenye maana kuliko zote: mama huambiwa asukume, kama anayejifungua, kwa sekunde kadhaa.

Hapo picha inaanza kutembea. Kila kiungo hupimwa kwa kuulinganisha mwendo wake na ukingo wa chini wa mfupa wa kinena. Kibofu kikishuka sentimita 1 au zaidi chini ya mstari huo, kimeshuka kiasi cha kumletea mwanamke dalili. Njia ya haja kubwa huhesabiwa kutoka sentimita 1.5. Palipo na mashine yenye uwezo wa kuunda picha kwa pande zote tatu, mpimaji huona pia lile tundu ambalo misuli inalizunguka, kamba na fremu pamoja, na kuona kama msuli umeshika mfupa pande zote mbili. Tundu hilo likitanuka kufikia sentimita za mraba 25 wakati wa kusukuma, yaani mraba wa 5 kwa 5, kitanda kimebonyea kupita kiasi.

Nisieleweke vibaya. Kizazi kilichotoka hakihitaji umeme ili kijulikane. Tangu 1996 madaktari duniani wana kipimo cha pamoja cha kulipima tatizo hili kwa macho na rula: mgonjwa anasukuma, umbali wa kila ukuta kutoka kwenye mlango wa uke unasomwa kwa sentimita, na hatua inaandikwa kuanzia 0 hadi 4. Mkunga wa zahanati ya kijijini akipewa mafunzo, chumba chenye mlango unaofungika na muda, anaweza kuligundua. Mama mdogo hakukosa mashine. Alikosa mtu wa kumwambia "vua, nikuangalie, kohoa".

Picha huja baada ya hapo, kujibu yale ambayo jicho haliwezi. Nyuma ya nyama hii kuna kibofu au utumbo? Je, ni uvimbe wa maji uliojificha kwenye ukuta wa uke, ambao hauna uhusiano wowote na kushuka? Shingo ya kizazi imerefuka tu huku kizazi chenyewe kikiwa mahali pake? Kuna mkojo kiasi gani unaobaki baada ya kwenda haja, maana kibofu kilichokunjika hakimwagi chote, na mkojo uliotuama huzaa maambukizi yanayorudi kila mwezi? Na kuna swali moja ambalo ningependa liulizwe kwa kila mwanamke mwenye hatua ya 3 au ya 4: figo zake zikoje? Viungo vinapoteremka sana huivuta mirija inayotoka kwenye figo na kuikunja, mkojo ukarudi nyuma, figo zikavimba polepole bila maumivu ya kumshtua mtu. Kulijua hilo kunahitaji dakika chache za altrasaundi ya kawaida kabisa, ubavuni, ile ambayo kila mpimaji anaijua. Mwanamke anaweza kuvumilia aibu kwa miaka ishirini. Figo hazina uvumilivu huo.

Na daktari wa upasuaji anayo haja yake. Ukuta unaweza kushonwa vizuri leo, lakini kama chini yake msuli umechomoka kwenye mfupa, uwezekano wa viungo kushuka tena ni mkubwa zaidi. Akijua hivyo kabla, atachagua aina nyingine ya upasuaji, au atamweleza mama ukweli mapema. Mwanamke aliyeuza mbuzi wawili apate matibabu ana haki ya kuambiwa kabla, wala si baada.

Ukubwa wa jambo hili nchini tunaujua zaidi kutoka kaskazini. Mwaka 2018 Gileard Masenga wa hospitali ya KCMC na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwenye kaya za wilaya za Hai, Rombo na Same mkoani Kilimanjaro. Walipimwa wanawake 1,063 wa miaka 18 hadi 90. Asilimia 64.6 walikuwa na kiwango fulani cha kushuka, kuanzia hatua ya 2. Namba hiyo inatisha, lakini wengi wao hawakuwa wagonjwa wa kukimbiziwa kisu. Mwili uliozaa hubadilika na wengi huishi vizuri. Iliyonishika mimi ni nyingine: asilimia 6.7 walikuwa na hali kali, nyama ikitokeza nje sentimita 1 au zaidi. Hesabu hiyo inatoa wanawake kama 71, ambao wengi wao, kama si utafiti kuwafuata majumbani, wangekaa kimya. Na kilichohusiana na hali hiyo kali? Kubeba vitu vizito kwa saa 5 au zaidi kwa siku, na kujifungulia nyumbani.

Soma sentensi hiyo ya mwisho ukiwa umesimama kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, au Mgusu, au Mwakitolyo, huku kwetu Geita na Shinyanga.

Dhahabu ya ukanda huu ina sura mbili. Iko ile ya mitambo, ya Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ya Bulyanhulu uliofuata mwaka mmoja baadaye. Na iko ya maduara, ya wachimbaji wadogo, ambako mwanamke kwa kawaida haingii shimoni. Kazi yake iko juu: kuponda mawe kwa nyundo akiwa ameketi chini na miguu ameinyoosha, kuchekecha, kubeba viroba vya mawe hadi mwaloni, kuosha, kurudia marudio yaliyoachwa na wengine, na katikati ya hayo kuteka maji ya kuoshea na ya kupikia. Karasha zimepunguza kuponda kwa mkono, lakini mawe hayajifikishi kwenye karasha. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya ngata, na kila anapochuchumaa kuinyanyua, uzito huo pamoja na wake mwenyewe hukandamiza sakafu ya nyonga. Huenda amejifungua wiki tatu zilizopita na mtoto yuko mgongoni.

Kuna kingine ambacho sijasikia kikihusishwa na kizazi kwenye mikutano ya migodini: kikohozi. Mawe ya dhahabu huja na vumbi la silika, linaloharibu mapafu na kuufungulia njia ugonjwa wa kifua kikuu. Tunazungumza, na ni sawa, kuhusu mapafu ya wachimbaji. Lakini mwanamke anayekohoa usiku kucha kwa miezi anasukuma viungo vyake chini mara mamia kwa siku. Ukimtibu kizazi bila kumtibu kifua, mshono hautadumu.

Ongeza uzazi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, na Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi imekuwa juu ya wastani wa taifa. Jambo jema ni kwamba wanaojifungulia kwenye vituo wameongezeka nchini, kutoka asilimia 63 mwaka 2015-16 hadi 81 mwaka 2022. Jingine jema limekuja kwa bomba. Tangu 2009 maji ya Ziwa Victoria yanavutwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, na kila kijiji kilichounganishwa kimeondolewa kilomita kadhaa za ndoo kichwani. Wahandisi wa maji labda hawajawahi kuambiwa kwamba wanatibu kizazi. Mimi nawaambia.

Nepal walikwishaujua uhusiano huo wa mzigo na kizazi. Huko milimani wanawake hubeba mizigo kwa kapu linaloshikiliwa na mkanda wa paji la uso, na wengi hurudi shambani siku chache baada ya kuzaa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuachwa kwa wanawake wenye kushuka kwa kizazi bila huduma ni uvunjaji wa haki zao za uzazi, na serikali ikaanza kugharimia upasuaji. Mwaka 2014 shirika la Amnesty International likaandika kwamba kukata na kushona hakutoshi, ikiwa mwanamke anarudi kwenye mzigo uleule na hana sauti ya kusema lini azae.

Sisi tuna mfano wetu wa kujifunzia, na tunaufahamu: fistula, ugonjwa wa kuvuja mkojo. Zamani mwanamke mwenye fistula alijengewa kibanda pembeni. Leo ina siku yake, tarehe 23 Mei, ina matibabu ya bure, na tangu 2009 hospitali ya CCBRT imekuwa ikituma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa ili wafike Dar es Salaam. Redio za mikoani zimeitangaza mpaka watoto wanaijua. Mwenye kizazi kilichoshuka husikia tangazo hilo, hujifikiria, kisha hugundua halimhusu. Yeye havuji muda wote, anatokwa na nyama. Hakuna tangazo lake. Ningependa siku moja anayetangaza fistula aongeze sentensi moja tu: na wewe unayehisi kitu kinateremka, njoo pia.

Akija, akute nini? Sitaki kuona vituo vinavyompiga mwanamke picha, vinamwambia kimeshuka sentimita 3, halafu vinamrudisha nyumbani. Ipo pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo, haina kisu, mama hufundishwa kuitoa na kuiosha. Ni dawa ya bei ndogo kuliko sherehe ya kipaimara, na ningetamani iwe ya kawaida kwenye hospitali za halmashauri kama vilivyo vitanzi. Yapo mazoezi ya kubana misuli, ambayo Arnold Kegel aliyaeleza mwaka 1948, yanayosaidia hatua za mwanzo kama mama ataonyeshwa msuli wenyewe. Na hapa tena altrasaundi ina uzuri wake, kwa sababu mama anaweza kuutazama msuli wake ukijivuta kwenye kioo na kujua anabana penyewe. Upo upasuaji, hospitali ya Bugando jijini Mwanza na kwingineko, na zipo kambi za madaktari bingwa ambazo tangu 2024 zimekuwa zikifika hospitali za halmashauri.

Ni kwenye kambi ya namna hiyo nilikompeleka mama mdogo, baada ya mwezi mzima wa kumbembeleza. Muuguzi wa kike alimpokea kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na nikaona mabega yake yakishuka. Daktari, mwanamke pia, hakuanza na karatasi ya majibu ya zamani. Aliuliza, "Mama, kinatoka saa ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Jioni," mama mdogo akajibu. "Nikishateka maji."

"Basi urudi jioni. Na ukija, usije umebana mkojo. Pita msalani kwanza."

Tulirudi saa kumi na moja, ametembea mji mzima kwa miguu. Daktari alimpima kwa macho na rula, kisha akavisha kidude glovu. Mimi nilisimama kichwani kwake, nimemshika mkono, naye akauliza kama anaruhusiwa kutazama kioo. Wakakigeuza. Daktari akamwonyesha kwa kidole: huu mfupa, hiki kibofu, hii shingo ya kizazi. "Sasa sukuma, mama, kama siku ile ya mwanao wa mwisho." Mfuko mdogo mweusi ukateremka, ukapita mstari, ukabonyea chini kama tone linalotaka kudondoka, na shingo ya kizazi ikaufuata. Mama mdogo aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Umeona?" akaniambia mimi, si daktari. "Umeona, mwanangu?"

Kibofu kilikuwa kinabakiza mkojo, ndiyo maana dawa za maambukizi alizokuwa akipewa kila mara hazikumaliza kitu. Figo zilikuwa salama zote mbili. Upande wa kulia daktari alishuku msuli umechomoka, akasema kwa kuwa uchungu wa mtoto wa kwanza ulichukua siku mbili, pengine ulichomoka wakati huo, miaka thelathini na kitu iliyopita. Mama mdogo akapewa pete avae kwa sasa, na jina lake likaandikwa kwa ajili ya upasuaji.

Akaambiwa pia asibebe kitu kizito kwa wiki sita baada ya kushonwa. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi njia nzima ya kurudi, kuliko kisu, kuliko nauli. Kijijini kwake bomba halijafika. Akahesabu kwa vidole nani atateka: binti mkubwa yuko Katoro anauza chakula kwa wachimbaji, mkwe ana mimba ya miezi saba. Hatimaye amempa mjukuu wake wa kiume, wa miaka kumi na mitatu, baiskeli ya marehemu babu yake na madumu mawili. Siku ya kwanza kijana alirudi amenuna, akasema wenzake kisimani wamemcheka, kazi ile ni ya wasichana. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, si kawaida yake kukaa saa hiyo.

"Dumu la pili hukulijaza," akamwambia. "Rudi."